Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Chakula na Mada juu ya Njia ya Misafara

Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ina urefu wa kilomita 1,200 hivi. Mtoa mada akipewa saa moja aizungumzie yote, atafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Ataanza na wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke mwaka 1857, atarukia kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871, atagusia utumwa, kisha atafunga kwa kusema historia yetu ni tajiri. Watu watapiga makofi na kuondoka. Mzee aliyekaa meza ya nyuma, ambaye kwao ndiko misafara ilikokuwa ikilala na kuchota maji, atarudi nyumbani bila kuulizwa neno.

Mwongozo huu ni wa vyama vya historia katika mikoa ambayo njia hiyo ilipita: Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma. Unahusu mkutano wa jioni, ule wa kula pamoja na kusikiliza mada. Msimamo wangu ni kwamba kila jioni ishike kipande kimoja tu cha njia, na kwamba chakula ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu mezani ndiko husemwa yale ambayo hayamo kwenye makabrasha ya mtoa mada.

Gawanyeni njia kabla ya kumtafuta mtoa mada

Vyama vingi huanza kwa kuuliza, "Mwezi ujao tumwite nani?" Anzeni na ramani. Kaeni watu watatu au wanne, mkate njia vipande, ndipo mtafute nani anakijua kipande kipi.

Pa kuanzia ni maeneo sita ambayo Tanzania iliyaingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa ajili ya njia hii: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hivyo ni vituo. Mada zenu zitoke zaidi katika yale yaliyo kati ya kituo na kituo, kwa sababu huko ndiko watu walikotembea.

Kipande cha kwanza kinatoka Bagamoyo na Kaole, kinavuka mto Ruvu, ambao maandishi ya zamani huuita Kingani, kinapita Ukwere na Ukami hadi Simbamwene, jirani na Morogoro ya leo. Cha pili ni mbuga ya Mkata, ambayo masika huigeuza tope tupu na ambayo mwaka 1871 iliwatesa sana Stanley na wapagazi wake, kisha milima ya Usagara hadi Mpwapwa. Baada ya Mpwapwa kuna Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ndipo Ugogo. Ukitoka Ugogo unaikuta Kilimatinde na pori la Mgunda Mkali, halafu Unyanyembe, yaani Tabora na Kwihara. Kipande cha mwisho kinapita Uvinza penye chumvi, kinavuka Malagarasi na kuishia Ujiji.

Vipande hivi havilingani kwa uzito, na msijilazimishe kuvilinganisha. Mimi Ugogo ningeupa jioni mbili nzima. Huko ndiko misafara ilikotozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, karibu kila utemi, na sababu yake inaeleweka ukiitazama ardhi: msafara ulitoka Marenga Mkali ukiwa na kiu, na mbele yake kulikuwa na Mgunda Mkali. Maji na nafaka vya katikati vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Mwenye kisima ndiye aliyepanga bei. Wasafiri wa Kizungu walilalamika kurasa kwa kurasa juu ya hongo hiyo, na kwa muda mrefu tumeisoma kwa macho yao, kana kwamba ilikuwa uporaji. Jioni ya kwanza ieleze jinsi hongo ilivyokadiriwa na kulipwa. Ya pili muwaachie wenyeji wa Dodoma waseme wao walisikia nini kutoka kwa wazee wao.

Mkishamaliza vipande, mnaweza kuongeza mada mbili zinazokata njia nzima. Moja ni safari ya mwili wa Livingstone. Alifariki Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea. Uamuzi ule peke yake unatosha kwa mjadala wa jioni nzima.

Mada nyingine ni reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukiweka ramani ya reli juu ya ramani ya misafara utaona ni miji gani iliyoachwa pembeni: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, hata Ujiji yenyewe, kwa kuwa reli iliishia Kigoma. Watu wa miji hiyo wana mengi ya kusema, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Mpeni mtoa mada maswali, msimpe kichwa cha habari tu

Mkimwambia mwalimu au mhifadhi wa makumbusho "tuzungumzie historia ya Mpwapwa", atakuja na historia ya Mpwapwa tangu enzi za mawe hadi uhuru. Mwandikieni barua fupi yenye maswali matano au sita, mapema, walau wiki nne kabla. Mimi hupendelea haya: Msafara ulilala wapi katika kipande hiki? Maji yalitoka wapi? Chakula kilinunuliwa kwa nani na kwa malipo gani? Nani aliruhusu watu kupita, na alilipwa nini? Nani alibeba mizigo, na alilipwaje? Kitu gani kimebaki ardhini leo ambacho mwanachama anaweza kwenda kukiona?

Mtoa mada akijibu hayo kwa dakika 40, amefanya kazi kubwa. Dakika 40 ziandikwe ndani ya barua. Mkiandika "muda utatosha", atazungumza saa mbili na wazee watasinzia.

Mwombeni pia aje na angalau chanzo kimoja cha Kiswahili. Hapo mtasikia visingizio kwamba misafara iliandikwa na Wazungu peke yao, jambo ambalo si kweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na ndani yake mna bei, mikopo, vita na majina ya watu waliokuwa njiani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika juu ya desturi za watu wa pwani, na maandishi yake yalichapishwa na Mjerumani Velten mwaka 1903. Ukiyasoma maneno yao kwa sauti ukumbini, watu hukaa vizuri vitini. Wanasikia lugha yao wenyewe ikisimulia safari, na ile hali ya kusomewa tafsiri inaondoka.

Vyanzo vya Wazungu vina kazi yake, ila visomwe kwa kulinganishwa. Mfano mwepesi ni tarehe ya Stanley kumkuta Livingstone Ujiji. Stanley aliandika 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa mzee yule alikuwa amepoteza hesabu ya siku. Mtoa mada anayetaja tarehe moja bila kueleza hili mwulizeni kwa adabu, wakati wa maswali.

Anayetaka kuchimba zaidi aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au kwenye nyaraka za Zanzibar. Kwa upande wa ramani, karatasi za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000 zinaonyesha njia nyingi za miguu ambazo hazipo tena, na ramani za serikali za 1:50,000 zinawasaidia kupatambua mahali palepale leo.

Fedha na ukumbi

Hapa nitapita haraka. Chama kinachokusanya ada na kutaka akaunti ya benki kisajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Katiba yenu ieleze nani anasaini kutoa fedha, na wasiwe chini ya wawili.

Bei ya mkutano ipangwe kwa hesabu ya watu wanaolipa, huku mkikumbuka kwamba wazee waalikwa hawalipi lakini wanakula. Tuseme sahani ni shilingi 10,000, ukumbi 100,000, nauli na posho ya mtoa mada 80,000. Wanaolipa ni 40 na wazee waalikwa ni 5. Sahani 45 ni 450,000, jumlisha 180,000, jumla 630,000. Gawa kwa 40, unapata 15,750, tozeni 16,000. Sasa fanyeni hesabu ile ile kwa watu 25 wanaolipa: gharama ni 480,000, makusanyo ni 400,000, mmepungukiwa 80,000. Ndiyo maana fedha zilipwe kwa simu siku tatu kabla, na mpishi apewe idadi baada ya hapo. Mwanachama anayesema "nitakuja, niwekeeni" bila kulipa asihesabiwe.

Ukumbi uwe wa shule, parokia, msikiti wenye ukumbi au halmashauri. Hoteli si lazima. Kitu kinachohitajika kweli ni meza ambazo watu saba au wanane wanaweza kukaa wakitazamana. Viti vilivyopangwa safu kama darasa vinaua mkutano wa aina hii kabla haujaanza. Umeme ukikatika, mkutano usisimame: ramani iwe imechorwa kubwa kwenye karatasi au kitambaa, na taa za kuchaji ziwe tayari. Projekta ni msaada tu.

Chakula kwanza, na kiwe na maana

Watu wale kabla ya mada. Najua wapo wanaotaka mada kwanza ili wageni wasitoroke baada ya kushiba. Nimekaa kwenye mikutano ya namna zote mbili na sina shaka hata kidogo: mtu mwenye njaa anasikiliza harufu ya jikoni. Anayekula na jirani yake nusu saa, akamjua jina na kwao ni wapi, ndiye atakayenyoosha mkono baadaye.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Watu waingie kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, chakula kianze saa moja na robo baada ya sala ya Magharibi, mada ianze saa mbili, maswali na masimulizi yaanze saa tatu kasorobo, na saa nne kasoro robo wenye usafiri wa mbali waruhusiwe kuondoka bila kuonekana wakorofi. Mwezi wa Ramadhani sogezeni mkutano kabisa, au muugeuze kuwa futari yenye mada fupi. Pombe isiwepo, na nyama ichinjwe kwa namna ambayo kila mtu atakula bila kuuliza.

Chakula kifuate kipande cha njia. Hili ni jambo dogo lakini linabadilisha jioni. Siku ya Ugogo, pikeni ugali wa uwele au mtama na mlenda, kando ya wali wa wasiozoea. Siku ya Ujiji tafuteni migebuka au dagaa wa Kigoma. Siku ya Unyanyembe wekeni asali ya Tabora na karanga mezani kabla watu hawajaketi. Mwambieni mama lishe kwa nini mnataka hivyo. Yule tuliyefanya naye kazi ya uwele alitueleza mambo ya kutunza nafaka ghalani ambayo mtoa mada hakuyajua, tukampa nafasi ayaseme mbele ya wote.

Kwenye kila meza wekeni karatasi yenye ramani ya kipande cha siku hiyo, penseli, na swali moja. Swali liwe la kitu kinachoshikika: "Kisima au chemchemi gani ya zamani mnaijua kati ya hapa na pale?" "Kuna miembe iliyopandwa kwa safu katika kijiji gani?" Kila meza iwe na mzee mmoja na kijana mmoja anayeandika. Wazee msiwakusanye meza kuu. Meza kuu huwapa heshima na kuwanyamazisha kwa wakati mmoja.

Wape watu kitu cha kushika

Maneno juu ya wapagazi huingia sikio moja na kutokea jingine mpaka mtu abebe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au karibu na hapo. Chukueni mfuko wa sembe wa kilo 25, ongezeni mfuko wa kilo 5 na chupa moja ya maji ya lita 2, viringisheni ndani ya mkeka, mfunge kwa kamba ya katani pande tatu. Mzigo huo uwekwe mlangoni tangu watu wanapoingia.

Kijana mmoja aliubeba begani huku akicheka, akazunguka ukumbi. Mzunguko wa kwanza alikuwa akiwapungia rafiki zake mkono. Wa pili mkono ule ulikuwa umerudi kushika mzigo. Kwenye wa tatu akauhamishia bega la kushoto, shingo imelala upande, na mkeka ulikuwa umemwachia alama nyekundu karibu na kola. "Hii mpaka Tabora?" akauliza. Mtoa mada akamjibu kwamba mpagazi alibeba juu yake pia sufuria, mkeka wa kulalia na silaha yake mwenyewe, na kwamba kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa kazi ya miezi miwili hadi mitatu, watu wakianza kutembea alfajiri na kutua kabla jua halijapanda sana.

Kitu cha pili ni kitambaa. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hii: merikani isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani, kaniki nyeusi, na nguo za rangi. Shuka ilikuwa mikono minne na doti mikono minane, mkono ukipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Leteni jora la nguo nyeupe, mwite mwanamume mrefu na mwanamke mfupi, kila mmoja apime doti moja kwa mkono wake. Ziwekeni juu ya meza zikiwa sambamba. Tofauti itaonekana mara moja, na watu wataanza wenyewe kubishana mkono wa nani utumike. Hapo mtoa mada ana nafasi ya dhahabu ya kueleza kwa nini majadiliano ya hongo yalichukua siku nzima na wakati mwingine zaidi.

Baada ya hapo, majina ya watu wakubwa yanakaa mahali pake. Stanley alipita na watu wengi, na waliojua njia ni kina Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa tayari ameongozana na Burton na Speke. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, naye akizungumzwa, azungumzwe kama mtu aliyeijua thamani ya njia: vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871 vilifunga barabara ya kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Wanawake nao wasisahaulike. Walitembea na misafara, walibeba, walipika, na kumbukumbu zao nyingi zimebaki kwenye familia kuliko kwenye vitabu.

Utumwa: semeni ukweli bila kumnyooshea mtu kidole

Mada hii itafika kila mnapokutana, na lazima ifike. Orodha ya UNESCO yenyewe inaitaja njia hii kwa utumwa na pembe za ndovu. Mwenyekiti ajiandae nayo kabla, isije ikamkuta.

Mambo mawili yasemwe wazi na mtoa mada. La kwanza, watu waliotekwa walitembezwa katika njia hii kwa minyororo na kongwa, yaani miti ya kufungia shingo, wakauzwa, na wengi walifia njiani. La pili, wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye desturi zao za safari, viongozi wao na uwezo wa kugoma au kuondoka. Mkichanganya makundi haya mawili, mnawaondolea wa kwanza mateso yao na wa pili ustadi wao. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873, lakini hali ya utumwa ilidumu Tanganyika hadi ilipofutwa kisheria mwaka 1922. Mwaka huo si mbali. Kuna watu ukumbini ambao bibi zao walizaliwa kabla yake.

Kwa hiyo kuna swali ambalo halitaulizwa kamwe katika mkutano wenu: "Babu yako alikuwa mtumwa, au alikuwa mwenye watumwa?" Mtu akitaka kusema habari za ukoo wake, aseme kwa hiari yake. Mwanachama akianza kutaja koo za watu, mwenyekiti amkatize pale pale, kwa upole lakini bila kusubiri. Na anayeguswa akitaka kutoka nje kidogo, awepo mtu mzima wa kumfuata na kukaa naye.

Wazee wanaposimulia

Saa tatu kasorobo, mada ikiisha, msianze na "maswali kwa mtoa mada". Anzeni na meza. Kila kijana aliyekuwa akiandika asimame, aseme meza yake iligundua nini kwenye ramani, kisha ampe kipaza sauti mzee wake.

Kijana afundishwe namna ya kuuliza. Salamu itangulie, hata kama walikuwa wakila pamoja: "Shikamoo babu." Akishaitikiwa: "Babu, tulikuwa tukizungumza juu ya kile kisima. Naomba utusimulie." Halafu anyamaze. Kosa la vijana wengi ni kumalizia sentensi ya mzee. Mzee akimaliza, swali muhimu kuliko yote ni hili: "Hayo ulielezwa na nani, babu?" Akijibu "na bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa pale pale", mmepata kitu cha kuandika. Akijibu "watu wanasema tu", pia andikeni, na muandike kwamba ndivyo alivyosema.

Kurekodi kwa simu kuombewe ruhusa, mbele ya watu na kwa jina: tunarekodi, itatunzwa na chama, ukitaka tufute tutafuta. Kila faili liwe na jina la msimulizi, kijiji chake, tarehe na jina la aliyeuliza. Simu ikiibwa au kuharibika, kazi yote imepotea. Basi usiku ule ule katibu ahamishe faili sehemu mbili.

Masimulizi yakipingana na mada, msimlazimishe mtoa mada ashinde. Chora njia zote mbili kwenye ramani kwa rangi mbili. Misafara yenyewe haikufuata mstari mmoja. Mvua, vita na ukubwa wa hongo viliihamisha huku na kule, na inawezekana kabisa wote wawili wana haki.

Wiki inayofuata

Katibu aandike kurasa mbili, zisizidi: kipande gani kilizungumzwa, mtoa mada alisema nini, wazee waliongeza nini, maswali gani yalibaki. Nakala ya kwanza impelekee mtoa mada. Ya pili isomewe mzee aliyesimulia, kwa sauti, nyumbani kwake, kabla haijakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Mara nyingi hapo ndipo anaposahihisha jina la mto au kukumbuka jambo aliloliacha.

Mkipata mahali palipotajwa na watu zaidi ya mmoja, pangeni kwenda kupaona. Mwende asubuhi, watu wachache, baada ya kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kuomba ruhusa ya mwenye shamba. Pigeni picha, andikeni, pimeni kwa GPS ya simu. Shanga, vigae vya vyungu na vipande vya chuma mkivikuta vibaki vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale, na ushanga ulioondolewa ardhini na kutiwa mfukoni hausemi tena ulitoka kambi gani. Toeni taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale, mkiambatanisha picha na kurasa zenu mbili.

Ramani kubwa ya ukumbini iwekwe mahali pakavu, na kila baada ya mkutano penseli ya meza ihamishiwe kwa wino pale ambapo watu wawili wasiohusiana wamekubaliana. Pale ambapo ni mtu mmoja tu aliyesema, acheni penseli ibaki, na muandike pembeni jina la anayefaa kuulizwa mwezi ujao.